Kipimo cha presha cha kupampu au cha betri kwa kambi ya matibabu nje ya nchi?

Rehema_Uuguzi

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu.

Sisi ni wanafunzi wa uuguzi na tunajiandaa kwenda kambi ya matibabu nje ya nchi. Mimi na wenzangu tumepangiwa meza ya vipimo: presha, mapigo, joto na sukari. Tumechanga hela na kesho kutwa tunaingia Kariakoo kununua vipimo vya presha. Nusu ya kundi wanataka vya kupampu na stetoskopu kwa sababu ndivyo tulivyofundishiwa na havili betri. Nusu nyingine wanataka vya betri, unabonyeza na foleni inasogea. Waliowahi kwenda kambi kama hizi, naombeni ushauri. Kipi bora?

Mzee_wa_Wodi

Marahaba mwanangu. Swali lako ni zuri, ila hujatupa cha kulijibia. Nje ya nchi ni wapi? Malawi ni nje na India ni nje. Umeme upo? Mnategemea watu wangapi kwa siku? Hela mliyonayo ni kiasi gani? Mko mwaka wa ngapi, na msimamizi wenu ni nani? Kuna wajawazito kwenye orodha ya mtakaowahudumia? Ukijibu hayo, nusu ya jibu utakuwa umelipata mwenyewe.

Pampu_Daima

Kupampu, sina haja ya maelezo zaidi. Mashine ya betri haisikii kitu. Inakamata mtikisiko wa mshipa ndani ya mkanda, kisha inapiga hesabu yake ya ndani. Mgonjwa ambaye moyo wake unadunda bila mpangilio inamkosea, na wewe uliyebonyeza hutajua. Sikio lililofundishwa linagundua mapema kwamba mapigo yanarukaruka. Sauti alizozieleza daktari Mrusi Korotkov mwaka 1905 mpaka leo ndizo tunazozisikiliza. Tena ninyi ni wanafunzi. Msipopampu sasa mtapampu lini?

Fundi_VifaaTiba

Mimi ni fundi wa vifaa hospitalini, na vipimo vingi vya kupampu vinavyoletwa mezani kwangu havisomi sawa. Kipimo cha mshale kinatakiwa kilinganishwe na kingine cha uhakika angalau kila baada ya miezi sita. Kwa bomba la njia tatu unakiunganisha na kipimo sahihi, unapandisha mpaka 50, 100, 150 na 200, na tofauti isizidi 3 juu au chini. Ni nani kati yenu anafanya hivyo? Kila wodi niliyoingia kuna kimoja ambacho mshale wake hauko kwenye sifuri na bado kinatumika.

Na wale mnaosubiri kipimo cha zebaki kirudi, msisubiri. Chini ya Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020 ndio uliowekwa kuwa mwisho wa kuvitengeneza na kuviingiza sokoni.

Rehema_Uuguzi

Samahani kwa kutokueleza. Tunakwenda Komoro, kisiwa cha Ngazija, vijiji vya nje ya Moroni, wiki mbili. Tuko mwaka wa pili na wa tatu, tunaongozwa na walimu wetu na daktari mmoja. Hela ya vipimo ni laki tano. Wajawazito watakuwepo. Kuhusu umeme tumeambiwa tusiutegemee. Idadi ya watu kwa siku bado hatujaambiwa.

Binti_Moroni

Karibuni sana kwetu! Mmeambiwa kweli, umeme unakatika, hata mjini, seuze vijijini. Mashine inayotaka kuchomekwa ukutani muda wote iacheni Dar.

Halafu jambo ambalo sijaona mtu akiliuliza: mmefikiria ukubwa wa mkanda? Mama zetu wengi wana mikono minene, na presha na kisukari vimejaa kila nyumba. Timu moja iliwahi kufika kijijini kwa bibi yangu na mkanda wa saizi moja tu. Ulikuwa unafyatuka mkononi kila wakianza kuujaza, na wakina mama waliona aibu mbele za watu.

Mzee_wa_Wodi

Binti amegusa penyewe. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba. Mtu hana presha, utampa. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda lazima ufunike angalau asilimia 80 ya mzunguko wa mkono. Mkanda wa kawaida wa mtu mzima huandikwa sentimita 22 mpaka 32, mkubwa 32 mpaka 42. Kanunueni utepe wa fundi cherehani, upimeni mkono kwanza ndipo mchague mkanda. Hela ikibana, bora vipimo viwili vyenye mikanda ya saizi tatu kuliko vinne vya saizi moja.

Klinik_Kilifi

Hujambo Rehema. Nafanya kazi huku Kilifi, na nashangaa mnabishana juu ya viwili ilhali kuna cha tatu. Kinaitwa CRADLE, kimetengenezwa na Microlife pamoja na watafiti wa King's College London kwa ajili ya akina mama walio sehemu zisizo na umeme wa uhakika. Unapampu kwa mkono, mashine inasoma yenyewe. Chaji yake ni waya wa simu. Kina taa tatu: kijani, njano na nyekundu. Presha ikifika 140 kwa 90 inawaka njano, ikifika 160 kwa 110 inawaka nyekundu. Pia inalinganisha mapigo na presha ya juu, kwa hiyo mama anayevuja damu inamwona hata kama presha yake bado haijashuka sana.

La muhimu zaidi, kimejaribiwa kwa wajawazito wenye presha ya mimba. Mashine nyingi za betri za madukani hazijajaribiwa kwa hao, na kwao nyingi husoma chini ya ukweli. Ukitaka kujua mashine iliyojaribiwa, angalia orodha ya STRIDE BP mtandaoni kabla ya kutoa hela.

Pampu_Daima

Na hicho kinauzwa duka gani Kariakoo kesho kutwa? Tumshauri mtu kitu anachoweza kukipata.

Klinik_Kilifi

Ndiyo maana nimemwambia mapema, ndugu yangu. Aulize wasimamizi wake. Vifaa kama hivyo huja kwa miradi na mashirika, wakati mwingine viko kwenye kabati la kliniki ya wajawazito na hakuna anayevitumia.

Sista_Bahati

Nimesoma yote, naomba nisimulie kidogo, kwa sababu naona mnazungumzia vifaa kama vile vinafika salama.

Tulikwenda kambi ng'ambo ya mpaka, miaka kadhaa iliyopita. Vipimo vya presha vilikuwa vya kupampu, vipya, viko kwenye begi la kitambaa. Begi likapandishwa juu ya basi, masanduku ya dripu yakawekwa juu yake. Barabara ilikuwa mbaya mwanzo mpaka mwisho. Tulifika usiku, asubuhi watu wakawa wamejaa, meza zikafunguliwa. Hakuna aliyepewa kazi ya kukagua vifaa.

Siku ya kwanza akaja mama mwenye ujauzito wa miezi minane. Mimi nilikuwa upande wa chanjo, lakini nilimwona amekaa kwenye benchi ameshika paji la uso. Pale mezani alisema kichwa kinamuuma tangu juzi na anaona nyotanyota. Wakampima, ikasoma 128 kwa 78. Wakamwandikia Panadol na kumwambia apumzike. Mkojo haukupimwa kwa sababu vijiti vya protini vilikuwa kwenye sanduku ambalo halijafunguliwa.

Usiku akaletwa kwa baiskeli yuko kwenye degedege. Kifafa cha mimba. Mkunga wa zahanati ile, mama mmoja mtulivu sana, alikuwa na magnesiamu salfeti, dawa ya degedege hiyo, kabatini mwake na alijua kuitumia. Alimpima kwa kipimo chake cha siku zote akapata 172 kwa 114. Alfajiri tukampeleka hospitali. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Kesho yake daktari wetu alikagua vipimo vyote. Kimoja mshale ulikuwa umeegemea kwenye kile kipini cha sifuri. Ukikitazama unaona kiko sawa, kumbe ndani umeshashuka chini ya sifuri na kipini ndicho kinauzuia. Kilikuwa kinasoma chini kwa wote waliopimwa kwenye meza ile. Tulituma watu kuwatafuta vijijini, baadhi tuliwapata.

Rehema mdogo wangu, nunueni mnachotaka, lakini kibebeni mkononi, na kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza kilinganisheni na kingine kwenye mkono wa mtu mmoja.

Fundi_VifaaTiba

Pole sana sista. Hivyo vyenye kipini cha sifuri mimi huwa navikataa vikiletwa hospitalini, kwa sababu hiyohiyo. Rehema, ukiwa dukani tazama pale sifuri: mshale uwe huru, usizuiwe na kitu. Kisha funga mkanda kwenye chupa ngumu, pandisha mpaka 200, funga valvu, uangalie saa. Ukishuka zaidi ya 4 kwa dakika, kuna panapovuja. Muuzaji akikukatalia kujaribu, ondoka.

Pampu_Daima

Pole sista. Lakini tuseme ukweli wote. Mama mjamzito, kichwa kinauma, anaona nyotanyota: huyo harudishwi nyumbani hata kipimo kikisema 100 kwa 60. Anarudiwa kupimwa kwa kifaa kingine na mkojo unaangaliwa. Dalili zilikuwa zinasema wazi, na mashine yoyote mezani pale isingewasaidia watu wasiomsikiliza mgonjwa.

Sista_Bahati

Nakubali kaka. Ndiyo maana sijasema wanunue cha betri.

Nesi_Tandale

Mimi ni wa betri na sijifichi. Wanafunzi wakipampu toka asubuhi mpaka jioni, masikio yanachoka, nje kuna kelele za watoto, na ikifika saa nane mchana daftari zima linaandikwa 120 kwa 80, 130 kwa 80, 110 kwa 70. Namba zote zinaishia sifuri. Watu hawako hivyo! Mashine itakupa 127 kwa 83 kama ilivyo. Mgonjwa akae dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuikunja nne, mkono usawa wa moyo, asiongee. Apimwe mara mbili. Asiyeeleweka au mwenye mapigo ya kurukaruka ndiye apelekwe kwa mwenye stetoskopu. Chukueni viwili vya betri na kimoja cha kupampu.

Mzee_wa_Wodi

Ushauri wa Tandale nauunga mkono. Ila mimi nina swali kubwa kuliko kifaa. Mkishamkuta bibi ana 180 kwa 100, mnampa nini? Nimeona kambi zinagawa amlodipini ya siku thelathini halafu timu inaondoka na hairudi. Siku ya thelathini na moja bibi anafanya nini?

Nesi_Tandale

Kwa hiyo asipimwe kabisa? Mzee, wengi wanajua kwamba wana presha siku wanapopooza. Kujua tu kunamfanya mtu aende hospitali.

Mzee_wa_Wodi

Anaenda kama ipo na kama ana nauli. Sijasema asipimwe. Nimesema kabla ya kununua kipimo, mwalimu wao awasiliane na kituo cha afya cha kule, ajue ni dawa gani zinapatikana hapo mwaka mzima, na waandike hiyo hiyo. Mkimwanzishia dawa isiyouzwa kisiwani mmemtesa. Na daftari la wenye presha libaki kwa nesi wa kituo, msirudi nalo Dar kuandikia ripoti.

Binti_Moroni

Naunga mkono kuhusu daftari. Manesi wetu wapo na wanajua kazi, wanachokosa ni vifaa. Kama mnaweza, kipimo kimoja kiacheni kituoni mkiondoka. Na hapo naona cha kupampu kitaishi zaidi, mpira ukichanika kuna fundi wa kuuziba, ila mashine ya betri ikifa imekufa.

Jingine: wanawake wengi watakuja na mabuibui ya mikono mirefu. Msipime juu ya nguo, wala msikunje mkono wa nguo ukabana kama kamba. Wekeni sehemu yenye pazia, na mpimaji awe mwanamke.

Klinik_Kilifi

Na wewe Rehema, umechanjwa homa ya ini B? Maana mmetajiwa meza ya sukari, mtachoma vidole vya watu kutwa nzima. Dozi ni tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Kuna ratiba ya haraka ya siku ya kwanza, ya saba na ya ishirini na moja, halafu unaongezewa moja baada ya mwaka. Tena muulizeni mwalimu dawa za kuzuia VVU kwa atakayejichoma zitakuwa mfuko wa nani. Zinaanza ndani ya saa 72, mapema ndiyo vizuri, na zinamezwa siku 28. Msifike kule ndipo mzitafute.

Rehema_Uuguzi

Asanteni sana. Chanjo wengine tumemaliza, wengine wamepata dozi moja tu, hilo la ratiba ya haraka nalipeleka kwa mwalimu leo. La dawa za kuzuia VVU hakuna aliyelitaja kwenye vikao vyetu vyote.

Vipimo bado tunabishana. Kundi la betri wameshikilia maneno ya Nesi Tandale, kundi la kupampu wanasema tuwaachie wenyeji. Mwalimu amesema ataulizia hicho cha taa tatu. Pazia tutashona la vitenge. Binti Moroni, kituoni kuna kamba na misumari, au nasi tubebe?

Binti_Moroni

Kamba bebeni. Na vitakasa mikono vingi, maji ya Ngazija ni ya mvua yanayohifadhiwa kwenye matangi, kisiwa hakina mto wa kudumu. Mwaka 2024 tulikuwa na kipindupindu, watu bado wana hofu wakiona mgeni ananawa kwa kopo lao.

Fundi_VifaaTiba

Pawabenki msiziweke kwenye mizigo ya chini ya ndege, ni za mkononi. Rehema, kesho kutwa mnaingia Kariakoo saa ngapi? Nipo mjini, naweza kuja na bomba langu la njia tatu.