Mjadala: Bahari kuu ifungwe kabisa kwa uvuvi?

Mtoa mada

Wakuu, tulijadili hili bila kuzungushana. Bahari kuu, yaani maji yaliyo nje ya maili 200 za nchi yoyote, ni karibu theluthi mbili ya bahari yote duniani. Mimi nasema tuache kugombania viwango vya kuvua huko. Pafungwe moja kwa moja.

Hesabu kwanza. Samaki wanaotoka bahari kuu ni kama asilimia 4 tu ya samaki wote wanaovuliwa baharini. Utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa bila ruzuku za serikali, zaidi ya nusu ya maeneo yanayovuliwa huko yangekuwa ya hasara, na kwamba asilimia 77 ya meli ni za China, Taiwan, Japani, Indonesia, Hispania na Korea Kusini. Tukiambiwa bahari kuu ni ya wote, tuulize hao wote ni kina nani. Mvuvi mdogo hafiki huko.

Tena si jambo geni. Katikati ya Bahari ya Bering kuna kipande cha bahari kuu kilichozungukwa na maji ya Urusi na Marekani. Miaka ya 1980 meli zilijazana humo kuvua samaki aina ya poloki. Mwaka 1989 pekee zilitoa takriban tani milioni 1.4. Miaka michache baadaye nyavu zikawa zinatoka tupu. Mkataba wa kusimamia uvuvi huo ukasainiwa 1994, samaki wameshakwisha, na hadi leo hawajaongezeka kiasi cha kuruhusu uvuvi. Aktiki ya kati, bahari ya Ncha ya Kaskazini, waliwahi: 2018 nchi tisa na Umoja wa Ulaya walisaini kutovua kibiashara kwa miaka 16 ya mwanzo, kabla uvuvi huo haujaanza. China, Japani na Korea Kusini wamo. Kama hao hao wamekubaliana Aktiki, kwingine kuna nini?

Mchangiaji wa kwanza

Kuna pesa, mkuu. Aktiki waliacha kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakila. Waambie waache jodari wa Pasifiki uone. Halafu vikao vya kuamua mambo haya vinataka wote wakubali. Kamisheni ya bahari za Antaktiki ilipitisha hifadhi ya Bahari ya Ross 2016, lakini mapendekezo ya hifadhi nyingine yamekuwa yakikwamishwa na China na Urusi.

Mchangiaji wa pili

Napinga, ila si kwa sababu hiyo. Ukifunga bahari kuu, meli hizo hazichomwi moto. Zitahamia ndani ya maili 200 za nchi isiyo na hata boti ya doria, zilipe leseni ya bei ya kutupa na kuvua zitakavyo. Mzigo utakuwa umeuhamishia pwani, kwa huyo huyo mvuvi mdogo unayemtetea.

Tazameni wenye Mkataba wa Nauru wa 1982. Ni nchi nane za visiwa vya Pasifiki, nyingine ndogo mno, lakini jodari wamo kwenye maji yao na wanalijua hilo. Hawauzi tani, wanauza siku za kuvua, kuanzia dola 8,000 kwa siku. Kisha wakaweka sharti kwenye leseni: ukitaka kutandaza nyavu za kuzingira kwetu, usizitandaze kwenye mifuko ya bahari kuu iliyo katikati yetu. Hawakungoja dunia nzima ipige kura.

Mtoa mada

Mkuu, hapo umenisaidia, maana huko nako ni kufunga. Ila sharti la leseni linambana anayehitaji leseni yako. Kuna meli za ngisi zinazojipanga nje kidogo ya maili 200 za Argentina. Haziombi chochote kwa Argentina, na upande huo wa Atlantiki hauna kamisheni ya kusimamia uvuvi wa ngisi wa bahari kuu. Nani atazibana? Mkataba mpya wa bahari kuu, ulioanza kutumika 17 Januari 2026, unaruhusu hifadhi kupitishwa kwa robo tatu ya kura maafikiano yakishindikana. Huo ndio mlango.

Mchangiaji wa kwanza

Usome mpaka mwisho. Nchi mwanachama ina siku 120 za kuweka pingamizi lake, na mkataba wenyewe unasema usidhoofishe vyombo vya uvuvi vilivyopo. Na mwenye meli akiona bendera yake, yaani nchi alikoisajili meli, imebanwa, anahamia bendera ya nchi isiyo mwanachama.

Kwa ngisi kuna njia fupi kuliko kura. Mkataba wa ruzuku za uvuvi wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika 15 Septemba 2025, unakataza ruzuku kwa uvuvi wa bahari kuu pasipo na kamisheni, na China iliukubali tangu 2023. Kwa hesabu zako mwenyewe, ruzuku ikikatika wengi hawatakuwa na sababu ya kwenda. Tuanze kwa kudai kila serikali iweke wazi inachozilipa meli zake huko. Ikiwa hata hilo hawatekelezi, hiyo marufuku yako ya kufunga bahari yote itatekelezwa na nani?