Naombeni ushauri: nataka kuanza mazoezi ila joto hili la Dar linanimaliza

Kiti Moto wa Mbagala: Wakuu habari za jioni. Mimi ni kijana wa miaka 41, kazi yangu ni ya kukaa kutwa nzima, kitambi kimeanza kunitangulia. Nimeamua kuanza kukimbia, lakini Januari hii ni moto. Juzi nimetoka Rangi Tatu, kabla sijafika Zakhem nikaona nyota. Nikakaa kwenye benchi la muuza mitumba mpaka akanionea huruma. Swali: raba za mtumba za Karume zinafaa kukimbilia, au nijichange ninunue mpya? Kama huna ushauri pita kimya kimya.

Chapati Mbili: Miaka 41 kijana? Mtaani kwetu huyo ni mjumbe.

Babu Kuruta: Sisi Ruvu JKT tulikuwa tunaamshwa saa kumi alfajiri, mchakamchaka na nyimbo mpaka jua linatoka. Raba nani alikuwa nazo? Kuna jamaa yetu alikuwa anakimbia na ndoo kichwani kwa sababu ya utundu wake, leo ana wajukuu. Nyinyi mnalelewa na feni.

Mama Pilau: Acha wali usiku, kunywa tangawizi na ndimu. Mume wangu ananiambia gauni langu la harusi sasa linanipwaya.

Dada Nesi: Kaka, ulikimbia saa ngapi? Ulivaa nini? Na kuna dawa yoyote unatumia?

Kiti Moto wa Mbagala: Saa nane mchana. Nilivaa lile koti la nailoni la kutoa jasho, nimelinunua Kariakoo. Linafanya kazi jamani, mzani umeshashuka. Kwa hiyo koti siachi, nimeshalipia.

Dada Nesi: La dawa hujajibu.

Kiti Moto wa Mbagala: Ni vidonge tu vya presha, vile vya kukojoza. Nimevisimamisha kwanza. Utakimbiaje huku unatafuta kichaka Kilwa Road? Halafu mazoezi si yanashusha presha? Mnasema wenyewe kila siku.

Dada Nesi: Yanashusha, ila kwa wiki na miezi, na hayakupi ruhusa ya kujiachisha dawa. Rudi kliniki upimwe, waambie unataka kuanza mazoezi. Mwili unapoa jasho likikauka. Hewa ya Dar ina unyevu, jasho linakauka kwa shida, na wewe umelifungia ndani ya nailoni. Hicho kilichoshuka kwenye mzani ni maji, ukinywa kinarudi. Vidonge vya kukojoza navyo vinatoa maji na chumvi, kwa hiyo ukivirudia ndiyo kabisa usikimbie mchana.

Wakikuruhusu, anza kutembea. Dakika kumi, kumi na tano, alfajiri au jua likishazama, umevaa fulana nyepesi. Uwe unaweza kuongea ila kuimba kukushinde. Mwili unahitaji wiki moja mpaka mbili kuzoea joto, ongeza taratibu. Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 kwa wiki, hakuna aliyesema uzimalize Jumatatu. Kizunguzungu, kichefuchefu au misuli kukaza: simama, ingia kivulini, kunywa maji kidogo kidogo. Mtu akianza kuongea ovyo au akazimia, mmwagieni maji, mpepeeni, hospitali haraka.

Mpelelezi Huru: Ngojeni kwanza. Huyu mwezi wa kumi na moja alifungua uzi humu akisema yuko Edmonton, Canada, anauliza koti la theluji. Leo yuko Zakhem na koti la nailoni. Hii chai, stori ya kutunga.

Chapati Mbili: Chai ya tangawizi, Mama Pilau kashachemsha.

Kiti Moto wa Mbagala: Ule uzi nilimuandikia shemeji yangu, hana akaunti. Mtu anaomba ushauri mnamfungulia jalada!

Mpelelezi Huru: Shemeji. Sawa.

Kipepeo wa Tanga: Chai au si chai, mimi nimeacha vidonge hivyo hivyo tangu Krismasi, kisa daladala. Chumvini mpaka mjini bila choo, utafanyaje? Dada Nesi naomba nije PM, tuongee pembeni.

Dada Nesi: Usije PM mpenzi, nenda kliniki. Waambie hilo hilo la choo bila aibu. Wanaweza kukubadilishia saa ya kumeza, na zipo dawa za presha zisizokojoza. Kaka, na wewe kesho nenda.

Kiti Moto wa Mbagala: Nitaenda Jumatatu dada. Jumapili tuna mechi ya maveterani, ndiyo maana nilikuwa nakimbia mchana, nizoee jua.

Dada Nesi: Mechi saa ngapi?

Kiti Moto wa Mbagala: Saa nane.

Dada Nesi: Kaa benchi.

Kiti Moto wa Mbagala: Mimi ndiye kapteni.