Unga wa nyama na mifupa, mashine moja: hatari ya kichaa cha ng'ombe inapimwaje?

Mchanganya_Chakula
Wakuu, habari za kazi. Mashine ya kuchanganyia ni moja, ya kilo 500. Asubuhi inatoa chakula cha kuku wa mayai chenye unga wa nyama na mifupa asilimia 10, mchana inatoa chakula cha ng'ombe wa maziwa. Fomula ya ng'ombe haina unga huo kabisa. Wateja wamesikia kuwa kichaa cha ng'ombe, ule ugonjwa wa ubongo, huenezwa na unga huo, wanauliza kama ng'ombe wako salama, na wengine wanauliza kuhusu supu ya kichwa. Hatari yenyewe inapimwaje, ikiwa wengi wanasema ugonjwa huu ni wa Ulaya?

Fundi_Malisho
Mkuu, fomula ni safi ila mashine si safi. Piga hesabu: ikibakisha nusu asilimia tu ya mzigo wa kuku, hizo ni kilo 2.5. Asilimia 10 yake ni gramu 250 za unga wa nyama na mifupa, na zinakwenda kwa ng'ombe. Majaribio ya Uingereza yalionyesha kuwa ndama huambukizwa hata kwa kula chini ya gramu 1 ya ubongo wenye ugonjwa.

Waingereza waliutambua ugonjwa mwaka 1986, na Julai 1988 wakakataza kuwalisha wanyama wanaocheua protini ya wanyama wenzao. Lakini kuku na nguruwe waliendelea kulishwa unga huo, uliopita kwenye mitambo ileile. Ng'ombe zaidi ya 40,000 waliozaliwa baada ya katazo waliugua. Ilibidi mwaka 1996 unga huo upigwe marufuku kwa mifugo yote.

Tusidanganyane kwamba kuchemsha kunatosha. Kinachoambukiza ni prioni, protini iliyokunjika vibaya. Kiwango cha Ulaya cha kusindika mabaki ni vipande visivyozidi milimita 50, nyuzi joto 133, mgandamizo wa bar 3, dakika 20 mfululizo, na hata hapo makali hupungua tu, hayaishi. Pipa la mifupa juu ya kuni halivuki nyuzi 100.

Ushauri wangu: utoe unga huo kiwandani kabisa. Weka soya na dagaa kwenye chakula cha kuku, lakini usibadilishe kilo kwa kilo, maana kalsiamu na fosforasi zitashuka na mayai yatakuwa na maganda laini. Ongeza chokaa na DCP (madini ya kalsiamu na fosforasi) ya mawe, fomula ipigwe upya.

Daktari_wa_Mifugo
Kusema "ni wa Ulaya" hakumlindi ng'ombe. Oman ilipata wagonjwa wawili mwaka 1989, ng'ombe walioletwa kutoka Uingereza.

Tathmini ina maswali mawili makubwa: ugonjwa unaweza kuingia vipi, na ukiwapo utazunguka vipi? Kwetu la pili ndilo zito. Kuna aina ya kichaa cha ng'ombe inayojitokea yenyewe kwa ng'ombe wazee, wengi wao wa zaidi ya miaka 8, bila kuambukizwa na chakula. Nchi isiyoingiza hata ng'ombe mmoja inaweza kumpata. Akifa akazikwa, habari imeisha. Akisagwa akarudi kwenye gunia la chakula, hapo ndipo mlipuko unapoanzia.

Ng'ombe wa kuchungwa, anayekula nyasi na mabua, hatari yake ni ndogo mno. Waangalie wa maziwa wanaofungiwa bandani na kulishwa vya kiwandani, hasa ndama, kwa sababu maambukizi mengi hupatikana utotoni na dalili huja baada ya miaka 4 hadi 5.

Dalili hujengeka kwa wiki na miezi: woga, kurusha mateke akikamuliwa, kushtuka kwa sauti au kuguswa, kuyumba miguu ya nyuma, kukonda huku anakula. Aliyebadilika ghafla na kufa ndani ya siku 10, kwanza mshuku kichaa cha mbwa. Mwenye homa kali na kizunguzungu, fikiria ndigana kali au maji moyo. Hakuna kipimo cha damu kwa ng'ombe aliye hai. Sampuli ni shina la ubongo, na achukue mtaalamu mwenye kinga. Usipasue kichwa mwenyewe.

Mkaguzi_Nyama
Kwa upande wa binadamu: uhusiano wa kichaa cha ng'ombe na ugonjwa wa ubongo wa watu (vCJD) ulitangazwa Uingereza Machi 1996, na nchi hiyo imehesabu wagonjwa 178, wakati ng'ombe waliothibitishwa huko ni zaidi ya 180,000. Kwa hiyo hauhami kirahisi, lakini ukihamia hauna tiba.

Steki na maziwa havina shida. Hatari imejazana kwenye ubongo, uti wa mgongo (ule uzi mweupe wa neva ndani ya pingili), macho, tonsili na sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Kwenye supu ya kichwa, acheni ubongo na macho ya ng'ombe wakubwa. Ulimi uliokatwa mbele ya tonsili hauna neno. Mpaka wa umri ni miezi 30: mnyama mwenye meno ya mbele ya kudumu zaidi ya mawili mhesabu amevuka.

Machinjioni kosa kubwa ni kupasua mgongo kwa shoka kabla ya kuutoa uti, ukatapakaa kwenye nyama. Na ile fimbo ya kuvuruga ubongo baada ya kumpiga bunduki ya machinjio iachwe, inasukuma vipande vya ubongo kwenye damu.

Mchanganya_Chakula
Asanteni sana. Nikisafisha mashine kwa pumba kabla ya zamu ya ng'ombe je? Na wateja wanaowalisha ng'ombe samadi ya kuku?

Fundi_Malisho
Pumba hupunguza, hazimalizi. Kwa muda huu wa mpito anza na ng'ombe, kuku mwisho. Kisha pitisha pumba kilo 25 hadi 50, rudisha pumba hizo kwa kuku, na fungua kitako cha elevata (kipandishio cha chakula) ukikwangue kwa mkono, ndipo mabaki hulala.

Samadi ya kuku waliolishwa unga huo ina unga uleule uliomwagika chini ya vihori. Wateja waipeleke shambani, na kwenye gunia la kuku chapa kwa herufi kubwa: USIMPE NG'OMBE, MBUZI WALA KONDOO.