Wati, omu na desibeli: maandishi ya nyuma ya spika yana maana gani?

Mwanakwaya wa Arua
Salamu kwenu ndugu zangu. Nimekabidhiwa vyombo vya sauti vya kanisa letu hapa Arua bila kufundishwa kazi hiyo. Tulikuwa na spika mbili, tukaongeza mbili za aina ile ile, na tangu siku hiyo amplifaya hupata moto na kujizima katikati ya ibada. Nyuma ya kila spika pameandikwa wati 300, omu 8 na desibeli 96, na nyuma ya amplifaya pameandikwa kwamba omu zisipungue 4 kwa kila upande. Naomba kueleweshwa maneno haya, kwa sababu muuzaji aliniambia tu kwamba wati zikiwa nyingi sauti huwa kubwa.

Fundi Jinja
Ndugu yangu, tuanze na omu, maana ugonjwa uko hapo. Omu hupima ukinzani, yaani kiasi ambacho spika huuzuia umeme unaotoka kwenye amplifaya. Ukiunganisha spika sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, umeme hupata njia nyingi za kupitia na ukinzani hushuka: spika mbili za omu 8 huwa omu 4, na nne huwa omu 2. Nadhani zote nne umezifunga upande mmoja wa amplifaya, hivyo amplifaya inatoa umeme mwingi kuliko ilivyoundwa kuumudu. Zima umeme kwanza, kisha funga mbili kulia na mbili kushoto.

Kuhusu wati, muuzaji amekupa nusu ya maelezo. Desibeli hupima ukubwa wa sauti, na desibeli 96 ni sauti ambayo spika hiyo hutoa ikipewa wati 1 tu, kipimo kikiwa mita 1 mbele yake. Kila ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3, ambazo mtu wa kiti cha nyuma atazitambua kwa shida. Kwa hiyo spika ya desibeli 90 inahitaji wati 400 ili ilingane na yako ikipewa wati 100. Mimi nikienda dukani huuliza desibeli kabla ya wati, na pale penye wati huuliza kama ni zile spika inazozivumilia kwa muda mrefu au zile za kilele, ambazo hudumu kufumba na kufumbua.

Tena, tafadhali tuseme maikrofoni na spika. Neno kipaza sauti watu hulitumia kwa vyote viwili, na fundi mgeni akiagizwa kwa simu hawezi kujua alete kipi.

Mama Mitambo, Kampala
Naongeza jambo moja ambalo limeharibu spika nyingi zilizopita mikononi mwangu. Taa nyekundu ya mikisa, yaani mtambo wa kuchanganya sauti, ikiwaka mfululizo, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa kwa kupita uwezo wa mtambo, nayo sauti inakwaruza. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ndiyo huumia kwanza, kwa sababu waya wa koili yake ni mwembamba kama unywele. Punguza geini ya maikrofoni, yaani kiasi ambacho mikisa huikuza sauti yake, mpaka taa hiyo izime hata mwimbaji anapopaza sauti.

Hakikisha pia spika zote zinasukuma pamoja. Chomoa waya za spika kwenye amplifaya, kisha gusisha betri ya volti 1.5 kwenye ncha zake kwa sekunde moja, chanya kwenye waya mwekundu. Koni ya wufa, yaani uso unaotikisika wa ile spika kubwa ya besi, inapaswa kuruka nje. Ikiingia ndani, waya zimegeuzwa, na besi ya spika hiyo inaifuta besi ya jirani yake.

Mwanakwaya wa Arua
Nawashukuru sana. Leo asubuhi nimekuta waya zote nne zimefungwa upande wa kulia kama mlivyosema, na nimezigawa. Kwa betri, koni ya spika moja mpya imeingia ndani, nami nimegeuza waya zake. Tumefanya mazoezi ya kwaya kwa saa mbili, amplifaya imebaki na uvuguvugu tu, na gitaa la besi linasikika hadi mlangoni.