Msaada: video ya harusi imegoma kucheza kwenye PSP ya mdogo wangu

BintiMikindani:
Habari za jioni wadau. Nipo Mikindani, Mtwara. Mdogo wangu wa miaka 10 alidondoka mwembeni akavunjika mguu, kafungwa plasta, yupo kwa bibi. Harusi ya dada yetu kule Masasi imempita akiwa kitandani, na kila nikienda ananiuliza hiyo tu. Bibi hana TV na simu yake ni ya kitochi. Kilichopo ni PSP, kile kimashine cha gemu cha mkononi, aliyoachiwa na mjomba.

Mpiga video alinipa faili la MP4, saa 2, GB 6. Memori ya PSP ni GB 2. Nilikata kipande kifupi nikaweka, ikaandika kwamba data haikubaliki. Sasa si wanasema PSP inacheza MP4? Laptop ninayo. Nisaidieni, mtoto amenyong'onyea.

Mtandahimba:
Mnunulie tableti ya bei chee. Hiyo mashine ni ya 2004.

BintiMikindani:
Kaka, korosho hatujauza bado. Hela ya tableti haipo.

FundiWaLigula:
Pole dada, mdogo wako apone haraka. Usinunue kitu.

MP4 ni kasha tu. Kinachoangaliwa na PSP ni kilichomo ndani. Video ya harusi siku hizi inarekodiwa 1920 kwa 1080, na PSP haivuki 720 kwa 480. Kioo chenyewe ni 480 kwa 272, kwa hiyo ukiipa zaidi ya hapo unajaza memori bure.

Pakua HandBrake, programu ya bure ya kugeuza video. Chagua MP4, namna ya kubana video H.264 (H.265 hapana, PSP haiijui kabisa), ukubwa 480 kwa 272, namna ya kubana sauti AAC, ya stereo. Kilobiti za video weka 768 kwa sekunde, za sauti 128. Kwa saa 2 utapata kama MB 800, inaingia na nafasi inabaki.

Halafu chomeka PSP kwa waya wa USB, fungua memori, tengeneza folda iitwe VIDEO kwa herufi kubwa, nje kabisa, isiwe ndani ya folda nyingine. Weka faili humo. Usigeuze saa 2 nzima kwanza! Jaribu dakika moja, maana laptop ya kawaida itakula muda mrefu na umeme wetu unaujua.

BintiMikindani:
Nimejaribu dakika moja kama ulivyosema, folda ipo sawa. Bado imekataa.

Nachingwea_Kwetu:
Angalia fremu kwa sekunde, yaani idadi ya picha zinazopita kila sekunde. Wapiga video wengi huku wanarekodi 50, na PSP mwisho wake ni 30. Weka 25, ndiyo nusu ya 50, mwendo utabaki laini. Usiweke 30, watu wataonekana wanacheza kwa kushtukashtuka.

Na profaili ya H.264 weka Main, leveli 3.0. PSP inaikubali.

FundiWaLigula:
Hilo la fremu nililisahau, asante mkuu. Dada, kama PSP haijawahi kusasishwa toka zamani, hiyo folda ya VIDEO haitaiona. Za zamani zinataka folda ya MP_ROOT, ndani yake 100ANV01, na faili la H.264 liitwe MAQ00001.MP4.

BintiMikindani:
IMEKUBALI! Ilikuwa fremu, zilikuwa 50 kweli. Mungu awabariki sana.

Nimegeuza saa ya kwanza nikaipeleka leo mchana. Kaegemeza PSP kwenye plasta, bibi kainamia begani kwake. Walipofika pale bibi anapomtunza bibi harusi, mtoto akairudisha nyuma mara nne, na kila mara bibi anapiga kigelegele. Sikuwa nimemsikia mdogo wangu akicheka toka adondoke.

Saa ya pili naigeuza usiku huu, umeme ukiwepo.