Nilisema "mkuu wa wafanyakazi", msikilizaji akadhani ni kiongozi wa chama: cheo hiki cha majenerali wa Ikulu tukiiteje?

Binti_wa_Zamu

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Mimi ni mtangazaji wa redio moja ndogo ya jamii, zamu yangu ya asubuhi. Wiki iliyopita nilipewa dakika 10 nizungumzie wanajeshi wakubwa waliokwenda kufanya kazi karibu na meza ya rais. Nikaanza na Wamarekani wawili, Alexander Haig wa Nixon na John Kelly wa Trump. Wote majenerali wa nyota 4, na wote walipewa Ikulu cheo ambacho Kiingereza kinakiita chief of staff. Sasa mimi hapo ni saa 10 alfajiri, kamusi mkononi, usingizi machoni. Nikaandika "mkuu wa wafanyakazi wa Ikulu" na nikasoma hivyo hivyo hewani.

Saa 2 na robo simu ikaingia. Baba mmoja, sauti nzito: "Huyo jenerali alichaguliwa na wafanyakazi wenyewe au aliteuliwa? Na mishahara iliongezeka?" Kumbe kipindi kizima anajua ni kiongozi wa chama cha wafanyakazi! Fundi mitambo alicheka mpaka akachelewa kurusha matangazo ya vifo.

Mhariri wangu anataka niseme "Katibu Mkuu Kiongozi". Mwenzangu wa michezo anasema "Mnadhimu Mkuu", ila hicho mimi nakijua cha JWTZ, jeshi letu la Tanzania, tu. Jumamosi kipindi kinarudiwa. Nani ana hakika? Na swali la pembeni: kwa nini hapa kwetu sisikii jenerali akishika mlango wa Rais namna ile?

MwanaTudor

Pole dada, huyo baba amenimaliza mbavu.

Huku Kenya Felix Koskei anabeba majina mawili kwa pamoja: ni Mkuu wa Utumishi wa Umma na ni huyo huyo chief of staff wa Rais. Msomaji wa habari akifika hapo husoma la kwanza, la pili akalipita kama shimo la barabarani.

Jeshini nako kulikuwa na kioja. Mkubwa wa majeshi yetu kwa Kiingereza alikuwa Chief of General Staff mpaka katiba ya 2010 ikambadilisha jina. Kwa Kiswahili sisi tulikuwa tukimwita Mkuu wa Majeshi tangu hapo, kwa hiyo Kizungu kilihama na Kiswahili kikabaki palepale. Ila Jenerali Mahamoud Mohamed alikaa kitini miaka 10, 1986 hadi 1996. Aliyemfuata, Daudi Tonje, ndiye aliyeleta masharti ya muda wa kukaa, na mpaka leo wanajeshi wanayaita kwa jina lake.

Mtu_wa_Bukavu

Miye Kifaransa hakinichanganyi. Jeshini kuna chef d'état-major, ndiye mkubwa wa jeshi; kwa Rais kuna directeur de cabinet, mkurugenzi wa ofisi yake, na watu wanamwita dircab tu. Kamerhe wa kwetu Kongo alikuwa dircab wa Rais Tshisekedi tangu 2019, raia mtupu. 2020 akahukumiwa kifungo, 2022 korti ikamwachia, 2024 akawa spika. Hakuna mtu hapa Bukavu alidhani yeye ni mwanajeshi.

Lakini ukitaka hadithi ya état-major, tafuta James Kabarebe. Mnyarwanda, na alikuwa mkubwa wa jeshi la Kongo chini ya Mzee Kabila mpaka katikati ya 1998! Baadaye kwao akawa waziri wa ulinzi kuanzia 2010. Sijui redio yenu dakika 10 zitatosha.

Karani_Mstaafu

Marahaba, binti.

Kwanza mhariri wako umwambie kwa adabu kwamba hapana. Katibu Mkuu Kiongozi ni Mkuu wa Utumishi wa Umma, tena ndiye Katibu wa Baraza la Mawaziri. Makatibu wakuu wa wizara zote wanamtazama yeye. Yule wa Marekani watumishi wa wizara si wake. Yeye ana mlango: nani aingie kwa Rais, karatasi ipi ifike mezani, saa ngapi.

Mimi nilikuwa karani wa jeshi miaka 21, mingi yake nikiwa chumba cha unadhimu, makao makuu ya brigedi. Babu yangu alikuwa mtunzi, mtu wa Pangani. Akisema "nimenadhimu beti 3" ana maana mizani imekaa na vina vimelala sawa. Sasa ondoa beti uweke malori, mafuta, maharage na askari 600, hapo umempata mnadhimu. Kile chuo cha Duluti, Arusha, kinaitwa Chuo cha Ukamanda na Unadhimu, maneno mawili, kwa sababu ni kazi mbili. Kamanda anaamua. Mnadhimu anahakikisha uamuzi umefika, umeeleweka na una dizeli. Hasemi "nataka", anasema "kamanda anaelekeza".

Nikupe mfano unihusu mimi mwenyewe. Mwaka 1986 tulikuwa tunahamisha kikosi. Mnadhimu wetu, Meja, aliandika amri ya mwendo kwa penseli, mwandiko kama nyayo za kuku. Nikapiga stensili. Palipoandikwa 1600 nikapiga 0600. Nikazungusha siklostaili, ile mashine ya kurudufu, nakala 12, wino mpaka kwenye viwiko, zikasambazwa. Kesho yake alfajiri malori 14 yamejipanga uwanjani, askari wamekalia mabegi yao, na jikoni hata moto haujawashwa, maana mpishi yeye aliambiwa kwa mdomo: saa 10 jioni. Kamanda akatoka na povu la sabuni shavu moja. "Nani kafanya hii?" Meja akasimama wima: "Kosa langu, afande. Nilisaini bila kusoma." Mimi hakunitazama hata. Tuliporudi ofisini akanipa ile stensili, akasema, "Itundike juu ya mashine yako." Ilikaa hapo ukutani mpaka nilipohamishwa.

Sasa jina. Mtego ni kwamba maneno yale ya Kiingereza, chief of staff, hayakai ngazi moja kila nchi. Kwetu Mkuu wa Majeshi yuko juu, Mnadhimu Mkuu, ambaye ni Luteni Jenerali, yuko chini yake. Marekani, George Marshall wa 1939 hadi 1945 alikuwa na cheo chenye jina hilo hilo na alikuwa ndiye mkubwa wa jeshi lote la nchi kavu. Ukimwita Mnadhimu Mkuu, msikilizaji wa Tanzania atamtafuta bosi wake mwenye sare na hatamwona. Mwite Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu. Ndugu wa Bukavu amefanya vizuri kusema "mkubwa wa jeshi" kwa Kabarebe, ni vilevile. Kwa hiyo usitafsiri maneno, uliza kwanza: juu yake kuna nani?

Kwa hawa wa Ikulu mimi ningesema "Mnadhimu Mkuu wa Ikulu ya Marekani", halafu papo hapo ueleze kwa sentensi moja kwamba ndiye anayepanga kazi na mlango wa Rais. Wapo watakaokupinga kwamba neno ni la jeshini. Ni kweli ni la jeshini, lakini kazi ni ileile.

Mtazame Kelly. Aliapishwa tarehe 31 Julai 2017, na siku hiyo hiyo mkurugenzi wa mawasiliano, Scaramucci, akaondolewa, hajafikisha hata wiki 2 kazini. Kisha akaweka utaratibu: karatasi zote zipitie mlango mmoja, watu nao vivyo hivyo, hata wa familia. Niliposoma habari hizo nilijiona nimerudi kwenye kile chumba chenye harufu ya wino. Ila brigedi na Ikulu si sawa. Brigedini kamanda mwenyewe anafuata utaratibu aliousaini. Rais aliye na simu chumbani usiku, anaandika anachotaka na dunia nzima inasoma kabla mnadhimu hajaamka, utamfungia mlango gani? Mwanzoni mwa 2019 Kelly alikuwa ameshaondoka.

Haig yeye mlango uliachwa wazi kupita kiasi. Aliingia Mei 1973, mtangulizi wake Haldeman ameangushwa na Watergate, ile kashfa ya kuvunja ofisi za chama pinzani, na Nixon anazama wiki hadi wiki. Mambo mengi yakabaki mikononi mwa Haig mpaka Nixon alipojiuzulu Agosti 1974. Halafu ndiyo ajabu yenyewe: akarudi kwenye gwanda, akaongoza majeshi ya NATO Ulaya mpaka 1979, na 1981 akawa waziri wa mambo ya nje wa Reagan. Kutoka sare kwenda siasa, kurudi sare, kwenda siasa tena. Mimi hilo hata kwa kulipwa nisingelikubali, na sidhani Meja wangu angelikubali.

Swali lako la pembeni. Kabla ya 1992 jeshini kulikuwa na CCM, tukihesabiwa kama mkoa wa chama. Kadi yangu ipo sandukuni, picha nimenyoa kipara. Vyama vingi vilipokuja ikawa kadi au gwanda. Kikwete aliyekuwa amefundisha siasa chuo cha maofisa wa jeshi, Monduli, akavua akiwa Luteni Kanali. Kinana akavua akiwa Kanali. Angalia vyeo hivyo: waliovukia siasani walivuka wakiwa makanali, umri bado unaruhusu kuanza upya. Majenerali wamekwenda kwingine. Mboma alikuwa mwenyekiti wa bodi ya TANESCO, Waitara TANAPA, Mwamunyange DAWASA, Mabeyo Ngorongoro. Umeme, hifadhi, maji na kreta! Wakuu wa Majeshi wanne wanaofuatana hao. Shimbo, aliyekuwa Mnadhimu Mkuu, akaenda ubalozi wa China. Wengine ukuu wa mikoa. Meza ya Rais imeachiwa raia, na mimi naona ni sawa.

Kijiko_cha_Upawa

Mzee heshima yako, lakini usizipake sukari hizo bodi. Mwingine anaita utaratibu, mimi naita kiinua mgongo cha pili. Jenerali anajua nini kuhusu bili za maji? Uganda angalau hawazungukizunguki: jeshi lina viti 10 bungeni, na Katumba Wamala alitoka ukuu wa majeshi 2017 moja kwa moja wizara ya ujenzi.

Halafu Mnadhimu Mkuu ndiyo njia ya kuwa Mkuu wa Majeshi au siyo? Watu wanabishana hapa kijiweni.

Karani_Mstaafu

Kijiko, nimekusikia. Sikusema bodi ni kazi ngumu, nimesema ziko wapi. Tofauti na Uganda ni kwamba huku mwenyekiti wa bodi hapigi kura bungeni akiwa na gwanda. Kuhusu bili za maji, jirani zangu nao wanauliza swali hilo hilo kila mwisho wa mwezi, na sina jibu la kuwapa.

Njia ya ukuu: wakati mwingine ndiyo, wakati mwingine siyo. Mabeyo alikuwa Mnadhimu Mkuu, Februari 2017 akapanda. Lakini 2022 Mkunda alitolewa kwenye Umeja Jenerali akapandishwa hadi Jenerali, akapewa majeshi. Kijiweni kwenu mmepata wote.

Binti_wa_Zamu

Asanteni sana. MwanaTudor, Tonje namwekea kipindi chake. Mtu wa Bukavu, Kabarebe naye.

Mzee, naomba unisahihishie kabla ya Jumamosi: "Mei 1973 Jenerali mstaafu Alexander Haig, ambaye hadi hapo alikuwa msaidizi wa Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu, aliitwa na Rais Nixon kuwa Mnadhimu Mkuu wa Ikulu, yaani mtu anayepanga kazi za Rais na kuamua nani amwone na lini."

Karani_Mstaafu

Imekaa. Futa neno "mstaafu" tu. Mei bado alikuwa jeshini kihalali, amestaafu Agosti mwaka huo huo, baada ya kelele kwamba mwanajeshi aliye kazini hawezi kushika kazi ya siasa. Kwa baba yule mwenye sauti nzito hilo neno moja litazaa simu nyingine.

Na ukimaliza kuichapa, isome kwa sauti kabla hujaenda hewani. Hasa tarakimu.