Kiasi cha chakula kwa mbwa mzima

Swali (Jinja): Ndugu wafugaji, nina mbwa wa kienyeji mwenye umri wa miaka 3 na uzito wa kilo 18, ambaye hula posho (ugali wa mahindi) na mukene (dagaa) mara moja tu, jioni. Je, chakula hicho kinamfaa, na nimpimie kiasi gani?

Jibu (Mbarara): Posho humpa nguvu, lakini peke yake haijengi misuli, kwa hiyo ongeza mukene au yai lililopikwa, kisha umgawie mara 2 kwa siku. Mukene waoshe kwanza, maana walioanikwa chini huja na mchanga mwingi. Kiasi kipime kwa mkono: ukimpapasa ubavuni, mbavu zigusike kwa urahisi bila kuchomoza, zikifichwa na mafuta, punguza, na zikichomoza, ongeza.

Jibu (Gulu): Naunga mkono, ila tafadhali sana usimpe mchuzi wenye vitunguu, kwani huharibu chembe nyekundu za damu, wala mifupa iliyopikwa, ambayo hupasuka vipande vyenye ncha. Unga ulioota ukungu usimpikie kabisa, kwa sababu sumu yake huharibu ini.

Muulizaji: Asanteni. Nimempapasa, mbavu sizipati. Nipunguze posho au mukene?

Jibu (Mbarara): Posho, kidogo kidogo, na umpime uzito kila baada ya wiki 2.